Baba, Namba Nane Tuliifua

Mwaka umetimia, Baba, tangu Alhamisi ile ulipoanguka kando ya meza ya kupigia pasi, pasi ikabaki juu ya kola ya jezi ya kipa wa akiba. Katibu wa klabu alifuata harufu ya kuungua hadi chumba cha kufulia, akakukuta umeshaondoka. Miaka thelathini na minane ya kutunza jezi, na hiyo ndiyo nguo ya kwanza kuungua mikononi mwako. Tunajua ungeomba radhi.

Pale klabuni walikuita Mzee Sabuni. Vidole vyako vilikuwa vyeupe na vimekunjamana, na ulinukia sabuni hata siku za mapumziko. Hukuhitaji kuangalia mechi ili ujue nani kacheza na nani kajificha. Uliinua jezi moja kutoka kwenye rundo, ukaigeuza geuza, ukasema, "Huyu leo alikuwa mtazamaji, ila aliingia bila tiketi."

Sisi wanao tulijua kufua kabla ya kujua kusoma. Nguo ya rangi maji baridi. Geuza ndani nje. Usisahau upindo wa chini, uchafu hulala hapo. Mama ulimkataza kabisa kugusa jezi za klabu ulizoleta nyumbani, eti anazikamua kama ana ugomvi nazo. "Na wewe unazibembeleza kama unazichumbia," alikujibu, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini.

Chini ya kitanda chenu kulikuwa na sanduku la bati. Kila mpenzi wa klabu alijua habari zake. Klabu ilipobadilisha mtindo wa jezi, wewe ulichukua kumi na moja za zamani, moja hadi kumi na moja, ukazifungia humo. Na ikajulikana kwamba ndani ya sanduku hilo umeandika, kwa kila namba, mchezaji bora aliyewahi kuivaa. Kwa kinyozi watu waligombana juu ya namba kumi hadi wakatoka na nywele nusu. Walikutumia wajumbe. Walikuletea soda. Jibu lako lilikuwa lile lile: "Siku yangu ikifika mtafungua, mtasoma. Nikisema leo, kesho nitafulia watu walionuna."

Mwanao wa kwanza alivaa namba nane misimu minne.

Tunalisema hili kwa sababu wewe hukulisema. Siku aliyofunga mabao mawili na uwanja mzima ukamwimba, ulirudi nyumbani ukamuuliza kwa nini kachana soksi. Mama alikujia juu. Ukajitetea kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama akasema, "Basi mgema wako amekaukiwa, msifu hata kidogo." Hukumsifu. Uliogopa watu watasema mtunza jezi anampigia debe mwanawe.

Kisha goti lake likavunjika, na namba nane ikachukuliwa na Injini, ambaye aliivaa miaka tisa na hadi leo akipita mtaani watu humpigia makofi. Jezi ya Injini uliikunja vile vile ulivyoikunja ya mwanao. Kaka akajifunza kazi ya kukata vioo. Hakukuuliza kitu. Siku moja nilimuuliza mimi, tukiwa mezani, kama hataki kujua. "Nitasoma kwenye sanduku kama wengine," alisema. Alilisema kwa wepesi, lakini niliona ameacha kutafuna.

Siku ya nne baada ya mazishi tulifungua sanduku. Tulikuwa watatu: Mama, Kaka na mimi. Tulitafuta karatasi. Tulitafuta daftari, bahasha, kipande chochote. Tulibandua hata gazeti ulilotandika chini. Hapakuwa na kitu ila jezi kumi na moja zilizoingia ukungu, kwa kuwa paa la chumba kile lilivuja msimu wa mvua. Mama alikaa kitandani akasema, "Baba yenu amewatania watu mpaka mwisho."

Kaka aliziangalia zile jezi muda mrefu. "Tusiziache hivi," alisema. "Angeona aibu."

Basi tukafua, Baba. Nani angetuzuia? Kaka alitoa namba nane kwanza. Aliifua peke yake, kwa maji baridi, polepole kama ulivyomfundisha, na upindo wa chini aliusugua mara mbili. Maji yakawa ya buluu. Hatukushangaa, jezi za zamani hutoa rangi. Ikafuata mbili, ikafuata sita, ikafuata kumi na moja. Nikachukua tisa, nikageuza upindo wake kabla haijaingia kwenye beseni, nikaona mwandiko wako.

Mimi, ambaye uliniita Redio tangu utotoni, sikuweza kutoa neno. Nilimwonyesha tu. Kaka aliichomoa namba nane kambani ikiwa inadondoka maji, akageuza upindo. Safi. Tuliipiga pasi, tukaishika dirishani, tukaiweka juu ya taa ya mezani anayotumia kukagulia vioo. Safi kabisa. Hatujawahi kufua nguo vizuri kama siku ile.

Tunajilaumu, na hatujui tutaacha lini. Ni wapi pengine ungeandika? Kazini uliweka alama za wachezaji kwenye upindo ili nguo zisichanganyike, tukiwa tumekaa hapo hapo tunakuangalia, mwaka baada ya mwaka. Mtu mwingine yeyote angezigeuza zile jezi akazichunguza. Sisi ni watoto wa mfuaji. Tuliona nguo chafu, na hatukuona kingine.

Lakini na wewe, Baba. Kazini ulitumia kalamu isiyotoka. Hizi uliandikia kalamu ya kawaida ya shuleni. Kwa nini? Jibu tulilipata kwenye tisa yenyewe: kulikuwa na majina mawili yaliyokatwa na la tatu limeandikwa pembeni. Kumbe ulikuwa ukibadili mawazo. Ulikuwa ukifungua sanduku, unafikiri upya, unakata. Kaka aliliona hilo kabla yangu. "Hata kama niliwahi kuwemo," alisema, "huenda nilikatwa."

Majina saba yalipona, na kwa kuwa wengi wanatuuliza barabarani, tunayaweka hapa gazetini. Moja ni Gundi, ambaye mpira ukimfikia ulikuwa umefika nyumbani. Tatu ni Cherehani. Nne ni Hapiti Mtu. Tano ni yule Askari mkubwa, si mdogo wake. Saba ni Kiberiti. Tisa, baada ya kukatwa wawili, ni Mwalimu. Kumi ni Mfupi, kama kila mtu alivyotarajia, na mbele ya jina lake umeongeza, "lakini mvivu." Amesoma. Amekubali.

Kuhusu mbili, sita na kumi na moja, wachezaji wa zamani walikutana wakapigiana kelele alasiri nzima, wakaafikiana. Nane walituachia sisi.

Siku ya kumi Mama alimwita Kaka jikoni. Mimi nilikuwa nakausha vyombo. "Ni wewe," alimwambia. "Aliniambia mwaka ule ulipoumia goti. Tulikuwa tumekaa hapa hapa. Alisema, nane yangu ni huyu mtoto, na sitaki ajue."

Kaka alitabasamu. "Asante, Mama."

"Usinishukuru. Nakwambia kitu cha kweli."

"Mama, ungeniambia hivyo hata kama angeandika jina la mwamuzi."

Mimi nilicheka. Naomba radhi, nilicheka. Mama hakucheka. "Nimekaa na mtu huyu miaka arobaini na mbili," alisema. "Ushahidi wangu haufai?"

"Unafaa kwa kila kitu," Kaka alisema, "isipokuwa mimi."

Tumeuliza kila mtu. Tumemuuliza kocha wa zamani, dereva wa basi la timu, daktari wa klabu, kinyozi. Kila mmoja anasema ulimheshimu Kaka. Kila mmoja anasema ulimheshimu Injini. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha kwako, Baba, tumekisikiliza mwaka mzima na hatujasikia mshindo.

Mwezi uliopita katibu alikuja nyumbani. Klabu imeamua kuandika orodha yako ukutani, kwenye ile njia ya kutoka vyumba vya kubadilishia nguo kwenda uwanjani, na juu yake jina lako. Majina kumi yalikuwa tayari. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini, akamtazama Kaka. Ni mtu mwema yule katibu. Alisema, "Nane tutaandika mtakavyotuambia ninyi. Hakuna atakayebisha." Mama aliweka mkono kwenye bega la Kaka.

Kaka akasema, "Andika Injini."

Katibu aliuliza kama ndivyo mzee alivyoandika.

"Andika Injini," Kaka alirudia, na Mama akaondoa mkono wake akatoka sebuleni.

Tangu siku hiyo hawazungumzi zaidi ya salamu. Mama anasema Kaka amemfanya mwongo mbele ya mgeni, na amekufuta wewe mara mbili, mara ya kwanza kwa sabuni na mara ya pili kwa mdomo. Kaka anasema kama angejitaja, asingepita mbele ya ukuta ule maisha yake yote bila kujiona mwizi. Napeleka maneno ya huyu kwa yule, narudisha ya yule kwa huyu. Wote wawili wana haki, na mimi nimechoka.

Jumamosi walizindua ukuta. Injini alikuja amevaa suti, akalia, akasema hii ndiyo heshima kubwa kuliko zote alizopata, kwa sababu imetoka kwa mtu aliyemfulia. Alimshika Kaka mkono muda mrefu. Kaka alimwambia, "Hongera, unastahili." Mama alibaki nyumbani.

Tuna hasira nawe, Baba. Waliokuzika pamoja nasi watatushangaa kusema hivi gazetini, lakini ndivyo ilivyo. Neno moja lingetosha, mezani, kati ya kijiko na kijiko. Hata kama lingekuwa "hapana, ni Injini," angelimeza, angelala, angeamka. Maji yakimwagika hayazoleki, majirani wanatuambia, na wanadhani wanatufariji. Uliogopa watu watasema unapendelea. Watu wangesema siku mbili, kisha wangerudi kwenye shughuli zao. Ulitaka mtoto asiyejisifu. Umempata. Aliwekewa ukuta mbele yake, akampa mtu mwingine.

Kama yupo yeyote, asiyekuwa ndugu yetu, aliyewahi kukusikia ukitaja namba nane yako, tunamwomba aje nyumbani au aache ujumbe ofisini kwa katibu. Jibu lolote tutalipokea. Kaka hajui kwamba ninaandika aya hii.

Unakumbukwa na mkeo, aliyekubali kutajwa hapa kwa sharti moja, kwamba niandike aliambiwa. Nimeandika. Unakumbukwa na mwanao wa kwanza, aliyekubali kwa sharti kwamba nisiandike anachotamani. Unakumbukwa nami, Redio wako, na mkweo, na wajukuu watatu ambao wote wanageuza nguo ndani nje kabla ya kufua, na dada yako, na kila aliyewahi kukuta jezi yake imekunjwa inamsubiri.

Kukusahau hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu. Kukusamehe, tupe muda.