Nyama na Brokoli Kabla ya Alfajiri

Shoga, kabla ya alfajiri nimeamshwa na mlio wa kikaango kikikwanguliwa.

Jikoni nikamkuta mke wa mwanangu. Nyama na brokoli zimeungua hadi zimekuwa makaa.
"Nani kapika chakula cha jioni saa hizi?" nikamuuliza.
"Ni mimi, mama. Nilijaribu kuiga mapishi yako, nikasahau gesi. Rudi ukalale."

Ni mimi, mama. Kasema hivyo bila hata kunitazama.

Shoga, vidole vyangu vinanuka kitunguu saumu. Gauni langu la kulalia lina madoa ya sosi ya soya. Wala sikumbuki kushika kisu.

Mtoto wa watu kanifichia aibu, na huruma yake ndiyo inayonitisha.

Njoo tena Jumamosi. Njoo nikiwa bado nakujua.