Adolphine na Mtandio Uliobaki Nusu

Mwaka umeshakatika, yaya Adolphine, tangu asubuhi ile ya Machi 2015 ulipotuacha Louisville, mtandio mweupe wa harusi ya mwanao Gloire ukiwa mapajani mwako, nusu umefungwa, nusu bado.

Wadogo zako tulikuita yaya, maana ni wewe dada mkubwa uliyetuvusha kutoka Bukavu hadi Bujumbura mwaka 1996, Gloire mgongoni, sisi mkononi. Huko, nyuma ya duka la Wahindi, Mama Hansa alikufundisha bandhani: kubana kitambaa kwa ukucha, kuzungushia uzi, fundo dogo kama punje ya ulezi, maelfu kwa maelfu, kisha kukitumbukiza kwenye rangi nyekundu. Ukivuta, nyuzi zinafyatuka, na kila fundo linaacha nukta nyeupe. Alikwambia kwao India wanawake wanafunga mtandio mmoja miezi na miezi, halafu anayesifiwa ni mwenye duka. Hukuisahau hiyo. Kila aliyekusifu ulimjibu, "Hii ni kazi ya Mama Hansa na mama zake. Wataje wao kwanza."

Tulipofika Marekani, kule ghalani Jeffersontown ulikofanya kazi, msimamizi alikulazimisha kukata ukucha wa kidole kidogo, ule mrefu wa kazi. Ulirudi nyumbani hutaki kula. "Wamenikata mkono," ulituambia. Miaka minane ulipanga maboksi yao, na hakuna aliyewahi kukuuliza unajua nini kingine. Sisi tunalikumbuka hilo, na tunaliandika hapa lisomwe.

Na yule muuza vitambaa aliyeapa nukta zake zimefungwa kwa mkono! Ulikigeuza kitambaa, ukakipapasa. "Baba, mikunjo inayoachwa na uzi iko wapi? Bon, hii imepigwa na mashine. Usiwaibie mama wa watu jina lao." Watu walicheka. Wewe hukucheka.

Tunaitamani sauti yako Jumapili baada ya ibada, ukifunga na kuongea, uzi katikati ya meno. Gloire akisema, "Mama, za namna hiyo ziko kwenye simu, zinafika kesho," nawe ukimjibu, "Na mimi nitafika lini humo kwenye simu? Leta mkono wako hapa, mvivu wangu."

Sasa usikie yaliyotokea, hatutakuficha. Siku za matanga rafiki yako Mama Nshombo alitoka Whitehall, kule Columbus, akaja kutusaidia kufua. Akaukuta mtandio una alama za udongo mwekundu, zile ulizochora kuonyesha mafundo yatakapokaa. Akasugua mpaka zikaisha. "Nilizani ni uchafu, donc nikasugua vizuri," alisema. Alipoelezwa, alikaa sakafuni akalia kutushinda sisi wafiwa. Mafundo yako yalishika, lakini mchoro wa nusu iliyobaki ulikwenda na maji.

Wengine tulisema uwekwe sandukuni kama kumbukumbu. Gloire alikataa. "Nitavaa huu, ama harusi haipo." Yule yule mvivu wako! Akauchukua hadi Buffalo, na mwaka mzima, akitoka kazini kutunza wazee, alifunga nyumbani kwake East Side, bila alama, kwa kukisia tu. Mama Nshombo alipanda basi mara mbili kwenda kumsaidia. Hakutaka kusamehewa akiwa amekaa.

Wakautumbukiza kwenye rangi nyekundu, wakauanika, na Jumamosi iliyopita, kabla ya kwenda kanisani, waliuvuta. Nyuzi zikafyatuka. Upande mmoja nukta zako, ndogo, zimejipanga. Upande wa pili nukta kubwa, zinayumba, nyingine zimeungana. Hakuna asiyeona mahali mkono wako ulipoishia.

Mama mmoja akamnong'oneza Gloire, "Ukunje basi, upande wako usionekane."

"Hapana," alisema. "Waone mama alipofikia."

Akatembea hivyo hadi mbele ya mchungaji, ule mpaka wa nukta zako na zake ukiwa katikati ya mgongo wake, nasi nyuma tukaufuata kwa macho, yaya, mpaka hatukuweza kuona tena kwa machozi.

Tunaokukumbuka: mume wako Bisimwa, Louisville, mwanao Gloire na mume wake Ntwari, Buffalo, sisi wadogo zako, Ruhimbika na wenzake, pamoja na Mama Nshombo, Columbus.

Siku zote tutakutaja, kwa jina lako mwenyewe, Adolphine.