Ua la Mwewe Nyuma ya Jiko

Itigi

Mke wangu mpenzi, Mama Ester,

Nakusalimu kwa furaha nyingi, nikitumaini wewe na mtoto hamjambo, na kuku wako nao hawajambo. Mimi ni mzima, ila nimepungua kidogo kwa kukosa mlenda wako. Nawe mwalimu unayemsomea mke wangu barua hii, pokea salamu zangu, na ukifika penye mambo ya mume na mke usikohoe.

Barua yako niliipata. Ulisema nisipokuita kabla ya mavuno, utafunga mzigo urudi kwa baba yako. Mama Ester, niliposoma hayo nilisukuma sahani kando. Si kwamba sikutaki. Sisi watumishi wa Memsahibu wa Kizungu hapa tunalala chumba kimoja, mimi na Mzee Saidi mpishi, mtu wa Tabora, ambaye akikoroma huwezi kusikia gari la moshi. Sasa nikueleze nilivyokitafuta chumba chetu.

Memsahibu aliletewa mbegu za ua la kwao Ulaya ndani ya bahasha. Akaniambia, "Yona, wewe otesha hii, mimi nakupa ile stoo ya nyuma, lete mke yako." Kwa lugha yao linaitwa jani la mwewe, eti wazee wao waliamini mwewe hulitumia kunoa macho. Nikamwambia kwamba mke wangu akisikia jina la mwizi wa vifaranga wake, ataling'oa siku hiyo hiyo. Akacheka sana.

Nikatengeneza tuta, nikalijaza samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Zikaota, zikanenepa, zikaoza zote. Memsahibu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Mvua zilipokolea, nikaona majani yamelala chini nyuma ya jiko, penye kokoto zilizobaki za reli. Nikavunja moja, likatoa maziwa. Mchunga, mboga yetu chungu ya nyumbani! Nilifurahi kama nimekuona wewe. Nikachuma yote, nikachemsha, nikasonga ugali wa uwele. Mzee Saidi alionja tonge moja akatema.

"Mchunga gani huu una manyoya?"

"Ndio wa Itigi," nikamjibu, nikaendelea kula.

"Ninyi Wanyiramba, kila jani kwenu mboga!"

Mara Memsahibu akaingia kuulizia chai. Akaokota jani lililoanguka sakafuni, akaligeuza. Upande wa chini lilikuwa jeupe kama limepakwa unga.

"Yona! Wewe nakula maua yangu?"

Kumbe ni mbegu chache zilizosalia ndani ya bahasha, nilizozikung'uta pale nyuma ya jiko nilipoitupa. Mama Ester, mchunga unaujua, majani yake yamechanikachanika pembeni na hayana nywele. Hili halikuchanika, na juu lina vinyweleo virefu. Mtu aliyekulia Kinyangiri nikayasahau yote hayo kwa hamu ya nyumbani. Nikaitazama sahani. Nilikuwa nimekula chumba chetu kwa ugali.

Lakini mmea huu si kama mchicha, wa kupandwa kila msimu. Mzizi wake hubaki. Baada ya wiki chache majani yakarudi, yakatoa mikono ikatambaa kama marando ya viazi vitamu. Nikaikata ile iliyoshika mizizi, nikaipanda kwenye mchanga na kokoto, bila samadi hata chembe, maji kidogo tu. Ile miche ya kwanza niliiua kwa shibe.

Jana jua lilipopanda, ua la kwanza likafunguka, la manjano, juu ya kikonyo kisicho na jani hata moja. Memsahibu akakaa chini vumbini na gauni lake, akalia, akasema kwa mama yake maua haya yamejaa hivyo hivyo juu ya ukuta wa mawe. Nami nikalia. Mzee Saidi akatoka jikoni kuuliza nani amefariki. Kisha Memsahibu akafuta macho, akanipa ufunguo wa stoo. Nimeshafagia, na kitanda nimekiwamba kwa kamba mpya.

Mpe mama shikamoo yangu. Shemeji yangu, fundi wa mizinga, mwambie akusaidie kubeba hadi stesheni, na asali asiisahau. Mbusu Ester. Njoo na mbegu za mchunga, ule wa kweli.

Kwa hiyo funga mzigo, kama ulivyosema. Ila usiende kwa baba yako. Panda gari la moshi hapo Kinyangiri, ubadilishe Manyoni, na hapa Itigi utanikuta nimesimama.

Mwalimu, hapo msomee mara mbili.

Ni mimi mumeo,
Yona, Baba Ester