Picha ya Ubongo Iliyopakiwa na Midoli

Xiaobei, Guangzhou
4 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Haidar,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili, nimepona kipindupindu, nimeona maduka ya wenzangu Darajani yakifungwa na langu likibaki wazi. Mwezi wa nne robota la nguo liliniangukia kichwani kule soko la Shahe, na hilo nalo nimelishinda. Uyajue hayo kabla hatujasalimiana.

Hujambo? Shemeji hajambo, na mguu wake? Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa moyo, na moyo mmeuchafua nyinyi. Mwandiko usiucheke. Skuli niliishia la tatu, na nimewapita waliomaliza.

Nasikia mmekaa kikao. Mmesema Gharib hana akili tena, kwa hiyo Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu mwanangu Nahla utamwoza wewe, wewe ndiye walii. Na baba yake yu hai! Kila nikipiga simu, "Pumzika, kaka," mnakata.

Ushahidi wenu ile picha ya ubongo. Haidar, niliituma mwenyewe. Nilitaka muone, maana katika ukoo wetu nani amewahi kupigwa picha ndani ya ubongo? Nikaitia kwenye katoni ya midoli ya mtaa wa Yide Lu, Burhani mpakiaji wetu akaifunga, ikaingia kontena bandarini Nansha. Wafanyabiashara wazima nyinyi! Katoni mmeifungua mwezi wa saba, picha ya mwezi wa nne, siku ya pili baada ya robota. Mmempelekea daktari wa huko, akaona uvimbe na damu, akasema mtu huyu hajitambui. Kweli, siku ile nilikuwa sijitambui. Tarehe hamkuitazama?

Hapa wameniingiza kwenye mashine mara tatu, inagonga kama mafundi wa bati, kisha wanaziweka picha ubavu kwa ubavu. Ya pili uvimbe umeshuka. Ya tatu, ya mwezi wa nane, damu imekwisha, limebaki kovu dogo kama kunde.

Daktari ni mwanamke, anafasiriwa na Nyokabi, Mkenya muuza viatu. Nikauliza akili yangu iko wapi kwenye picha. Nyokabi akanijibu, "Mzee, anasema picha ni ya kuangalia kidonda kinavyopona. Akili anaipima kwa kuongea na wewe." Nikatakiwa nitoe saba saba kutoka mia. Nikafika mbili daktari bado anaandika. Nikasema, "Mwambie nilikuwa nahesabu katoni tangu mama yake hajaolewa." Nyokabi akakataa: "Hiyo sisemi, mzee. Bado kuna sindano."

Sikufichi. Hasira zinanipanda upesi, majina ya watu yananitoka, na juzi nimepotea njia ya nyumbani mchana kweupe. Ndege nimekatazwa mpaka picha ya nne. Lakini kupotea njia si wazimu, na ni mwendawazimu anayepokonywa uwalii.

Basi sikiliza. Harusi siizuii, kijana nampenda. Nakupa uwakala. Simama mbele ya kadhi useme unaoza kwa niaba ya Gharib, baba yake. Ukisimama kama walii, umeniandika wazimu kwenye cheti cha mwanangu, na mimi na wewe hatuzikani.

Barua hii na picha ya tatu anakuletea Muzdalifa, jirani yangu hapa, anapanda ndege kesho. Nimemwambia azishike mkononi.

Nisalimie Da Mwatima na shemeji. Mungu akulainishe moyo, na amjaalie Nahla nyumba yenye amani.

Wako akupendaye, japo hustahiki,
Kaka yako Gharib

Kama huniamini, Burhani anaijua siku aliyofunga katoni. Nyokabi alisikia kila neno la daktari, naye hana chake katika ukoo wetu. Na Nahla mwenyewe muulize. Jumapili alinipigia simu bila nyinyi kujua. Nikamuuliza mara tatu kama ameridhia kuolewa na huyu. Akalia, akasema ndiyo, baba. Wewe walii, umemuuliza?