Hedifoni za Kumsikia Baba

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Shikamoo Shangazi,

Leo nitakueleza yote, hata lile ambalo sijamwambia Mama.

Nyumbani hatujambo. Paka amezaa ndani ya kabati la Kaka, naye siku hizi anakwenda kazini na manyoya mgongoni. Jana alinipeleka kuchagua zile hedifoni ulizoniahidi nikifaulu mtihani. Ulisema nitafute zinazotoa sauti za waimbaji wazi bila kuimeza besi, kwa hiyo nilizijaribu kwa ule wimbo wa kwaya ambao Mama anaimba sauti ya kwanza na Baba anaimba besi.

Katika za kwanza nilimsikia Mama hadi anavyovuta pumzi, lakini Baba sikumsikia. Za pili zilikuwa vilevile. Muuzaji akanipa nyingine, kubwa kama bakuli.

"Hizi zina besi ya kutikisa meno, mdogo wangu."

Kweli mashavu yalinitetemeka, ila Baba hakuwemo.

Kaka akazivaa, akacheka. "Mzee ananguruma kama trekta. Wewe masikio umeyaacha nyumbani?"

Nilicheka naye, nikachukua hizo hizo. Labda ni mafua tu. Lakini tangu jana, Baba akizungumza, najikuta namtazama midomo.

Shangazi, wewe ndiye uliyekaa na Bibi mpaka akawa hasikii kabisa. Tafadhali nijibu mara tu upatapo barua hii: masikio yake yalianza kwa kupoteza sauti zipi?

Mwanao akupendaye