Pointi Tatu za Kitufe Chekundu

Chumba namba 9, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 6 mwezi wa tisa.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko kambini? Lile goti lililokuwa likikusumbua ukipanda katapila limepoa, au bado unatudanganya kwamba limepoa? Ule vizuri, na usilale na soksi mbichi. Sisi hatujambo. Mama anatembea bila fimbo, shemeji yako bado anahangaika na mabomba ya watu, mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele, na mdogo sasa anatambaa kama mtu aliyechelewa kazini. Wote wawili wamelala baada ya chakula cha mchana, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nikikatiza ghafla, ujue mmoja kaamka.

Barua yako ilifika. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaificha nyuma ya kopo la sukari kwa sababu sikuweza kuiangalia. Umeandika DADA UMETUOKOA kwa herufi kubwa, ukapiga na mstari. Unasema umewatambia wenzako wote kwamba Sofa Mbovu, timu yetu ya mpira wa kwenye televisheni, haishuki daraja hata ikiachiwa mama mwenye mtoto mgongoni. Umeniomba ripoti ya msimu mzima, maana huko mtandao haufiki, umesikia matokeo ya mwisho tu. Haya, ripoti hii hapa. Naomba uisome umekaa.

Tulianza vibaya. Mechi tano za kwanza sikushinda hata moja, kwa sababu kabla hujaondoka ulinifundisha kushambulia, hukunifundisha kukaba. Kipa alikuwa akitoka golini kila nikikosea kitufe, shemeji yako akawa anamwita mpangaji anayehama. Katikati ya msimu mkono ukakubali. Nilicheza mdogo akiwa amelala mapajani, pedi ya kuchezea nimeiegemeza mgongoni mwake, nikashinda nne mfululizo. Watu wa ligi wakaanza kuniita Mama Chenga. Sitakuficha, jina lilinikaa moyoni. Wiki nzima ni mama njoo, mama nataka, mama amenivuta nywele. Jumamosi alasiri, kwa saa moja tu, nilikuwa Mama Chenga.

Kisha mdogo akaanza kuota meno na mimi nikaanza kusinzia na pedi mkononi. Tukapoteza mechi hovyo hovyo. Siku ya mwisho tulikuwa na pointi ishirini na tatu, na tuliyekutana naye mtandaoni, kila mtu kwake, yule fundi cherehani, alikuwa na ishirini na tano. Mmoja wetu lazima ashuke. Yeye hata sare ilimtosha. Mimi nilihitaji kushinda tu.

Dakika ya themanini na nne alikuwa mbele, mawili kwa moja. Mdogo alikuwa sakafuni. Nikamwona anatambaa kuelekea nyuma ya televisheni, kwenye ule waya wa ekstensheni wenye kitufe chekundu kinachowaka. Kitufe hicho anakipenda kuliko maziwa. Kila siku namwambia hapana, naye huacha. Siku hiyo nilimwona, Kaka. Nilikuwa na muda wa kusema hapana. Nilikuwa na muda hata wa kuinuka. Nikafunga mdomo, nikasubiri. Televisheni ikazima.

Sasa nisikie vizuri, maana hapa ndipo uso unaponishuka. Ile kanuni ya neno la nahodha uliileta wewe mwenyewe: umeme ukimkatikia mtu, nahodha aseme, mechi irudiwe tangu mwanzo, na asiulizwe ushahidi. Nakumbuka ulivyoipigania hadi sauti ikakauka. Mimi nikashika simu, nikaandika kwenye kundi la ligi huku nikitamka, mkubwa akiwa kando yangu, "Jamani, umeme umekatika." Friji ilikuwa inanguruma nyuma yangu.

Fundi alijibu kwa ujumbe wa sauti. "Pole sana, Mama Chenga. Joto lote hili, na una mtoto mdogo bila feni! Tutarudia Jumamosi, usiwaze."

Tukarudia. Nilimfunga matatu bila. Akashuka yeye, na akanipongeza.

Nilijiambia aliyezima ni mtoto, siyo mimi. Nilijifariji hivyo wiki tatu. Hata barua yako ilipofika bado nilikuwa najiambia hivyo. Siku mbili baadaye mkubwa akawa anacheza karata na baba yake sebuleni. Alipoona anashindwa, akazikusanya karata zote akazirusha juu. "Umeme umekatika! Tunaanza upya!"

Shemeji yako alicheka hadi akakohoa. "We mtoto! Nani kakufundisha ujanja huo?"

Mkubwa akashangaa kuulizwa. "Si ni mama?"

Nilikuwa naosha vyombo. Sikugeuka. Niliosha sahani moja mpaka shemeji yako akaja kufunga bomba mwenyewe. Nikamweleza palepale. Hakucheka tena.

Jioni hiyo nilimpigia mfamasia, katibu wa ligi, nikamwambia kila kitu. Kisha nikampigia fundi. Nilisikia cherehani yake ikisimama. Akasema, "Mama Chenga, mimi nilikuonea huruma kweli." Basi. Angenitukana ningeshukuru.

Matokeo yamegeuzwa. Fundi ana ishirini na nane, sisi ishirini na tatu, na Sofa Mbovu imeshuka daraja kwa mara ya kwanza tangu uianzishe kwenye lile sofa la Mama. Wengine walitaka kanuni yako ifutwe. Aliyekataa ni fundi. Ila wamekubaliana kwamba msimu ujao neno la nahodha wetu halitapokelewa. Umeme wetu ukikatika, hata ukikatika kweli, tumepoteza mechi. Usimwandikie katibu kuomba nafuu. Nimeikubali mimi mwenyewe.

Nisamehe, Kaka. Uliniachia timu na jina lako, nimevirudisha vyote vikiwa na doa. Ukitaka kumpa binamu yetu unahodha, mpe, sitanuna. Ukiniachia, nitacheza huko chini mpaka tupande. Na wale wenzako uliowatambia, uwaambie ukweli. Najua ninachokuomba ni kigumu. Mimi nimeshamwambia mkubwa.

Mdogo kaamka. Nilikatiza hapo juu kwa sababu alikuwa ameshakikaribia kitufe chake. Nimemwambia hapana. Ameacha palepale, Kaka, neno moja tu, akaja kunishika mguu.

Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa kofia juani. Shemeji yako anakusalimu, mkubwa anakuonyesha pengo lake. Mungu akutunze wewe na goti lako, akurudishe kwetu mzima, hata kama utarudi umenikasirikia.

Wako akupendaye, na anayekuonea haya,

Dada yako.