Gari Linavuta Kushoto na Fundi ni Baba Mkwe

Mpendwa Bi Mwanaamina, nakuandikia kwa sababu hapa Msasani, hii ya Tukuyu si ya Dar, sina wa kumwambia, mimi ni mwuguzi, kwetu ni Singida, nimeolewa na Mnyakyusa anayeitwa Emiliani, na kila asubuhi naendesha gari letu kwenda kazini Lupepo na mwanangu Lightness namshusha shuleni njiani, sasa ni mwezi wa pili gari hilo linavuta kushoto, upande wa bonde, na nikikanyaga breki ndiyo linazidi, hadi mikono inaniuma kwa kulishikilia. Nikifika kazini tairi la mbele kushoto lina joto kali kuliko mengine na linanuka kuungua.

Fundi wetu ni baba mkwe, mzee Anyitike, na mume wangu hataki gari liguswe na fundi mwingine, anasema ni kumvunjia mzee heshima. Shida ni kwamba nilipoolewa nilifundishwa mila yao, mkamwana hasemi na baba mkwe wala hakutani naye uso kwa uso, nikimwona njiani mimi ndiye ninayepinda, nimeishika mila hiyo miaka sita bila kukosea, kwa hiyo lolote ninalotaka mzee ajue napitisha kwa Emiliani. Mzee amepima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, mara tatu, ameongeza upepo, amehamisha matairi kushoto kulia, bado. Juzi mama mkwe akanicheka mbele ya watu, akasema, "Mzee anasema gari halina ugonjwa, mkono wako ndio unaovuta." Kumbe Emiliani hajamwambia mzee habari ya breki wala ya joto, wala kwamba gari lilianza hivi siku aliyotoka nalo msibani Matwebe akiwa amelewa, akagonga jiwe. Nilipomuuliza akanijibu bila hata kuinua macho, "Ukitaka mzee ajue nilikunywa, nenda kamwambie mwenyewe." Anajua siwezi. Yeye siku hizi anakwenda kazini kwa bodaboda. Naumia, Bi Mwanaamina, nivunje mila au niendelee kuvumilia?

Leah, Tukuyu

Leah,

Pole, na ni pole moja tu, maana nawe umenikasirisha. Wewe ni mwuguzi. Mgonjwa akija na ndugu anayemjibia maswali yote, si unamtoa nje huyo ndugu? Gari lako limeelezwa na mtu mwenye sababu ya kuficha, na mzee wa watu anatibu asichoambiwa.

Gari linalovuta muda wote laweza kuwa na shida ya upepo au alaimenti, na hayo mzee ameyamaliza. Likizidi kuvuta ukikanyaga breki, na tairi moja likachemka, basi breki ya upande huo inashika na haiachii. Huenda jiwe liliminya mpira unaopitisha mafuta ya breki. Leo hii acha kuliendesha. Wewe na mtoto pandeni magari ya abiria, mchelewe lakini mfike.

Mila usiivunje, haijakukosea. Inakukataza kumsemesha mzee, haikukatazi kuandika. Chukua karatasi, andika: linazidi kuvuta nikikanyaga breki, tairi la mbele kushoto linachemka, liligonga jiwe Matwebe likiendeshwa na Emiliani. Pombe usiitaje, hiyo ataieleza mwanawe mwenyewe. Karatasi iache kwenye usukani, ufunguo mpe mama mkwe, ikiwezekana mbele ya watu walewale waliokucheka. Siku mbili zikipita bila gari kuguswa, mwite fundi yeyote aliye karibu alifuate hapo hapo, na heshima ya mzee itabaki palepale.

Sasa Emiliani. Usijidanganye kwamba anamwogopa baba yake tu. Wengi wanawaogopa baba zao na bado wanasema kweli. Mwanamume anayemwacha baba yake aseme gari ni zima, kisha yeye anapanda bodaboda kwenye mvua za Rungwe, anajua vizuri gari hilo lina nini. Alijitoa mwenyewe, akawaacha ninyi wawili ndani.

Breki mzee ataitengeneza kwa nusu siku. Hili la pili, la mume aliyewaacha hatarini, lipeleke kwa wazazi wako Singida, na ulieleze kwa mdomo wako mwenyewe.